Barua kwa Mwanangu: Lile Bomba la Morningside

Mwanangu Zawadi,

Salamu nyingi kutoka hapa Kimara. Sisi wazima, mama yako anakusalimu na anauliza kama kanga zake zilifika. Goti langu halijambo. Tena afadhali nianzie kwenye hilo goti, maana nilikudanganya.

Pale Morningside, tulipopanda Milima ya Uluguru na wenzako wa darasa, niliposema goti limeniuma, halikuniuma. Pumzi ndiyo iliyokwisha. Niliona aibu kusema mbele ya wenzako, ilhali njia nzima tulikuwa tunapishana na akina mama wa Kiluguru, matenga ya ndizi kichwani, ndala miguuni, wanateremka kwenda soko la Kingalu huku wanapiga soga. Mimi na raba zangu mpya nahema kama mvukuto! Basi mkaniacha saa tatu na nusu, mkaendelea na mwongozaji wenu kwenda kilele cha Bondwa, mimi nikabaki kwenye jiwe karibu na lile jengo la Wajerumani, nautazama mji wa Morogoro chini.

Jioni uliniuliza nilifanya nini muda wote ule, nikakwambia nililala. Na hilo nalo si kweli.

Nilishuka kidogo kwenye nyumba ile yenye migomba, ambapo bibi alitusalimia asubuhi. Kando ya njia linapita bomba jeusi la plastiki, limeegeshwa juu ya mawe na panda za miti, linatoka juu huko msituni. Sehemu moja walikuwa wameliunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, wakakaza kwa waya, juu yake wakaviringisha mfuko wa nailoni. Linavuja. Maji yanaruka membamba kama uzi, kijia chote tope. Sasa wewe unanijua. Miaka 28 nafunga mabomba Dar, nitaacha?

Nikapiga hodi, nikamwomba bibi moto. Mjukuu wake akalikunja bomba upande wa juu kuzuia maji, mimi nikafungua ile tyubu, nikakata ncha kwa kisu cha machungwa, nikaipasha kwenye makaa mpaka ikalegea, nikaichomeka nyingine ndani yake na kuishikilia mpaka ikapoa. Kijana alipoachia, maji yakaja kwa kishindo. Nikanawa uso. Baridi yake, mwanangu, kama yametoka kwenye friji.

Hapo ndipo yakanirudia yale uliyotueleza wakati tunapanda, ambayo niliyasikiliza nusunusu kwa sababu ya kuhema: kwamba vijito hivi vinaingia Mto Morogoro, Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayovutwa pale Mlandizi kuja Kimara. Nimeunganishia maji nyumba ngapi hapa mtaani, na siku zote kwangu maji yalikuwa yanaanzia kwenye mita. Nyuma ya mita hakukuwa na kitu.

Unakumbuka mgao wa 2022? Umebeba madumu mpaka ukaota sugu, na mimi nalaani kila mtu ninayemfahamu na nisiyemfahamu. (Japo siwezi kusema uongo, mgao ule ulinipa kazi nyingi za kufunga matangi. Ada yako ya muhula mmoja ilitoka humo.) Tulisema Ruvu imekauka, kama vile Ruvu ni tanki lililosahaulika kujazwa. Sikuwahi kuwaza kwamba juu huku kuna miti inayokamata ukungu usiku kucha na kuudondosha tone kwa tone, na kwamba mti ukikatwa ukungu unapita zake.

Bibi alinionyesha kwa kidole. Alipoolewa hapo, alisema, chemchemi ilikuwa nyuma ya jiko, mtu anachota kwa kata. Sasa bomba lake limepanda mpaka ndani ya msitu, na kila baada ya miaka kadhaa wanaongeza kipande. Nikamuuliza kwa nini wasilime kwa matuta, udongo usiporomoke. Akacheka sana. Mama yake alilazimishwa kuchimba matuta hayohayo enzi za Mwingereza, udongo mzuri ukafukiwa, ukaja juu ule wa chini usioota kitu, mpaka mwaka 1955 watu wakachoka wakafanya fujo. Hili lishike vizuri. Siku utakapokuja kwa watu kama hawa na cheti chako mkononi, uliza kwanza wameshaambiwa nini na nani.

Halafu kuna jambo jingine. Ulipochaguliwa kwenda SUA, chuo kikuu cha kilimo hapo Morogoro, kusomea misitu, nilisema mbele ya wajomba zako kwamba nalipa ada mtoto akachunge miti. Walicheka, na wewe ulicheka, lakini ulitoka nje. Nilikuona. Nilirudi kulikumbuka neno hilo pale kwenye jiwe, nikisubiri mteremke, na mlipotokea saa tisa mmelowa ukungu mpaka kwenye kope, jua kali huku chini, nilitaka kulisema nikashindwa. Nikauliza kama mmekula.

Nisamehe, mama.

Sasa sikiliza. Kiungo kile cha moto hakitadumu, mteremko ule una msukumo mkubwa. Mkipanda tena na darasa, nipimie lile bomba. Nadhani ni robo tatu ya inchi, ila miwani niliiacha kwenye begi lako. Pima kwa nje, uniandikie. Nitakutumia koneksheni mbili na koki kwa basi la asubuhi, umpelekee bibi. Usimtajie bei. Akiuliza zimetoka kwa nani, mwambie ni kwa yule mzee wa goti.

Baba yako