Ile pikapu ya Ujiji

Tabora, Jumapili usiku

Baba Rehema, ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Tangu arobaini ya Bi Mkubwa sijakuandikia, na simu zetu ni zile za dakika mbili, salio linaisha bado tunaulizana hali. Huku tu wazima. Mama Kulwa anakusalimu sana, pacha wetu wapo kidato cha tatu, mvua zimekuja vizuri na miti porini imechanua. Habari nyingine zitasubiri, maana kuna jambo moja limenikosesha usingizi siku ya tano leo.

Nimepata gari. Sijalinunua bado, na ndiyo sababu ya barua hii. Ni pikapu, Land Cruiser 75, dizeli, nyeupe iliyopauka, ina mkonga wa kuvutia hewa ubavuni, namba A. Iko hapo hapo kwenu Ujiji, ukitoka makumbusho ya Livingstone unashuka kama unakwenda ziwani. Nimetumiwa picha kumi na moja, na nimezitazama mpaka Mama Kulwa akaninyang'anya simu. Mwenyewe anataka milioni 18. Mimi ninazo 15, nimeuza ng'ombe wanne na kuvunja kibubu cha miaka mitatu.

Mama Kulwa anasema ninunue guta jipya la magurudumu matatu, hela ibaki ya ada. Simlaumu. Lakini yeye hakulala Ipole. Unakumbuka ule msimu nilipokodi gari la watu? Nilikuwa na ndoo 40 za asali. Ndoo ya lita 20 ukiijaza maji ni kilo 20, ukiijaza asali ni kilo 28, kwa hiyo nilipakia zaidi ya tani moja kwenye gari linalovuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Likazama mbugani. Siku mbili tunachimba na kutandika matawi, jua linapiga, mifuniko inavuja, nyuki wametujaa hadi kwenye chai. Tulipofika mjini mwenye gari akazuia mzigo mpaka nimlipe siku za ziada. Nililipa. Nikabaki na ndoo 31, na wiki nzima sikutaka kuongea na mtu. Ndiyo maana nalitaka gari langu mwenyewe, linalovuta mbele na nyuma, kabla ya mavuno ya Juni.

Sasa nisikilize. Muuzaji anasema pikapu ni ya 1987. Nikamuuliza injini gani, akajibu kwa kujivuna kabisa, 1HZ. Hapo nikasita. Wewe ndiye uliyenifundisha pale gereji ya Isevya: hizi 75 zilipoanza 1984 zenye dizeli ya silinda sita zilikuja na 2H, ile ya cc 3,980, na 1HZ ya cc 4,164 ikaja 1990. Basi ama mwaka si wa kweli, ama injini si yake. Na kama imebadilishwa, injini yenyewe sina ugomvi nayo, haina kompyuta, fundi yeyote wa Sikonge anaifungua chini ya mwembe. Ninachoogopa ni kadi. Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari isipolingana na iliyogongwa kwenye injini yenyewe, siku ya kubadilisha umiliki TRA nitaambiwa nini? Ile pikipiki niliyouziwa na kadi ya mtu mwingine ilinikalisha kituoni kutwa nzima, na ilikuwa pikipiki tu.

Tena kama kweli ni 1HZ, muulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Zile 2H zilikuwa za gia, hazikuwa na mashaka hayo. Hii ikifika kilomita 100,000 bila mkanda mpya, ukikatika valvu zinagonga pistoni na hela yangu yote inarudi gereji. Dashibodi kwenye picha ya saba inaonyesha kilomita 212,000. Kwa gari la umri ule siamini, lakini…

Nirudi kwenye lile linaloniamsha usiku. Katika kulisifia gari lake, muuzaji akasema limebeba chumvi ya Uvinza miaka mingi na halijawahi kulala njiani. Alidhani ananifurahisha. Baba Rehema, chumvi! Bodi imepigwa rangi juzi juzi, inang'aa kuliko gari lenyewe, na chini hakuna picha hata moja. Nimemwomba mara mbili picha ya chasisi, akanitumia tena ya mbele. Nakuomba ulale chini. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi yote, hasa nyuma pale zinaposhikwa springi na juu ya ekseli, chumvi iliyochanganyika na matope hukaa hapo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama kopo lenye mchanga. Ukikuta pamechomelewa kibati na kupakwa rangi nyeusi, usimwambie kitu, nipigie mimi kwanza.

Na uende alfajiri, bila taarifa. Kabla ya kusalimiana weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ondoka urudi siku nyingine, maana gari lililokwisha kupashwa huficha mengi. Ikiwa ya baridi, mwambie awashe ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa buluu ukiendelea, inakula oili. Mweusi, huenda ni nozeli tu au chujio la hewa, hilo nitalibeba. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma uone kama inapumua kwa nguvu. Nakufundisha kazi yako, nisamehe, mtu mwenye hofu husema sana. Bado nakuona na ile bisibisi yako ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, watu wote wamenyamaza wanasubiri useme.

Usisahau vile vitasa vya magurudumu ya mbele, vinavyozungushwa kwa mkono. Vizungushe, mtafute mchanga, uone kama mbele inavuta kweli. Bila hilo gari hili halina faida kwangu.

Anataka kianzio cha milioni 3 kwa simu kabla ya Ijumaa, eti kuna mtu kutoka Kasulu analitaka. Nimemwambia ndugu yangu atakuja kuliona. Hajajibu tangu jana.

Je, unaweza kwenda Jumanne au Jumatano? Unamfahamu huyu mtu, ni yule aliyekuwa na duka la nyavu, au nachanganya? Kadi ina jina lake au la kampuni? Kama chasisi ni nzima lakini injini si ya kwenye kadi, wewe ungelinunua? Milioni 15 atakubali? Na likikubalika, nije nalo kwa barabara kupitia Uvinza na Kaliua mvua hizi, au nilipakie treni? Utanisindikiza mpaka huku? Mama Kulwa atapika ugali wa mtama, na asali ya kwanza ya msimu ni yako na Mama Rehema. Mguu wake umeponaje?

Nitaweka simu karibu na mto kuanzia Jumanne alfajiri.

Wako,
Baba Kulwa