Barua kwa Mwanaidi: Deni la Supu ya Vitunguu

Paris,
19 Oktoba 2025.

Mpendwa dada Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na mama na watoto wote hapo Tanga. Sisi huku hatujambo, ila baridi imekwisha kubisha hodi na jua linatuaga mapema. Nimeamua kukuandikia barua badala ya kukutumia ujumbe wa simu kwa sababu jambo lenyewe linahitaji utulivu, nalo ni lile deni langu kwako la mwaka 2019.

Bila shaka unaikumbuka siku ile ulipokuja kunitembelea, nikakupeleka kwenye mgahawa mmoja wa Kifaransa wenye vitambaa vyeupe mezani na glasi tatu tatu mbele ya kila mgeni. Ulimweleza mhudumu kwa upole kwamba huli nyama wala samaki, naye akaitikia kwa kichwa, kisha akakuletea supu ya vitunguu iliyofunikwa kwa mkate na jibini iliyoiva hadi ikawa ya kahawia. Ulikunywa vijiko vitatu, ukanyamaza, halafu ukaniuliza kwa sauti ya chini, “Zuhura, hii haina mifupa kweli?” Nilipomwita mhudumu na kumbana kwa maswali, ndipo alipokiri kwamba nyama haimo, lakini mchuzi wenyewe umetokana na mifupa ya ng’ombe. Uliweka kijiko chini, ukamshukuru, ukanywa maji. Sahani iliyofuata ilikuwa ya maharage mabichi na karoti za kuchemsha, yaani vile vinavyowekwa kando ya nyama ya wengine, na bei ilikuwa ileile. Hukulalamika hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mhudumu yule hakukusudia kukudanganya. Katika upishi wa jadi wa Kifaransa, vyakula vingi hujengwa juu ya mchuzi wa mifupa ya ndama, ng’ombe au kuku, unaochemshwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi hadi ukolee, na wenyewe huuita *fond*, yaani msingi. Mpishi aliyelelewa katika desturi hiyo hauhesabu mchuzi huo kuwa ni nyama, kama vile mtu asivyohesabu msingi wa nyumba anapokuonyesha vyumba. Nasi tusiwalaumu kupita kiasi, maana lugha yetu ina mitego iyo hiyo: kwetu mtu akiuliza leo mboga ni nini, anaweza kujibiwa kuwa ni samaki au nyama, na ukiagiza supu asubuhi pale stendi pamoja na chapati mbili, hakuna atakayedhani unataka ya karoti. Wewe umeishi na mitego hiyo tangu ulipoacha nyama, na ningepaswa kukumbuka kwamba huku nayo ipo, tena imejificha zaidi. Vitamu vingi laini vya mwisho wa mlo hugandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Jibini zinazosifiwa sana, kama Comté na Roquefort, hugandishwa kwa kimeng’enya kinachotoka katika tumbo la mnyama mchanga, kama vile ndama. Na michuzi mingi hutiwa mvinyo.

Sasa nikuambie nilikokwenda Alhamisi iliyopita. Mgahawa unaitwa Arpège, uko katika mtaa wa Varenne, karibu na jumba la makumbusho la Rodin, na mwenyewe ni mpishi Alain Passard, aliyeufungua mwaka 1986. Alianza kwa kusifika kwa nyama za kuchoma, akapata nyota tatu za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima ubora wa migahawa, mwaka 1996, na nyota tatu ndicho cheo cha juu kabisa kwa kitabu kile. Kisha mwaka 2001, wakati Ulaya ikiwa na hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng’ombe, akaiondoa nyama nyekundu katika orodha yake ya vyakula na kuziweka mboga mbele. Hebu fikiri, dada, mtu aliyefika kileleni kwa nyama anaiacha akiwa kileleni hapohapo! Wengi walidhani atapokonywa nyota, lakini hakupoteza hata moja. Mwaka huu, mwezi Julai, amekwenda mbali zaidi: ameondoa samaki, mayai, siagi na maziwa, akabakisha asali tu inayotoka katika mizinga yake mwenyewe. Niliposoma habari hiyo, nilijiambia kwamba hapa ndipo mahali pa kulipia deni la Mwanaidi, lakini safari hii nitatangulia mwenyewe kuonja, nisije nikakuingiza shimoni mara ya pili.

Kosa letu la kwanza mwaka ule lilikuwa kungoja hadi tuketi mezani ndipo tuseme. Katika migahawa ya daraja hili jikoni hupanga kila kitu mapema, kwa hiyo mahitaji ya mgeni husemwa siku ya kuweka nafasi, na husemwa kwa vitu vyenyewe badala ya jina la jumla. Mimi sikusema tu kwamba sili nyama. Niliuliza mchuzi unatokana na nini, nikaeleza kwamba situmii mvinyo hata uliopikwa ndani ya chakula, nikaomba wanithibitishie. Walinithibitishia, na nilipofika mhudumu alinirudia mwenyewe maelezo yangu kabla sijafungua mdomo.

Ukumbi ni mdogo, umepambwa kwa mbao za mti wa pea, na ukutani imetundikwa picha ya bibi yake Passard, Louise, ambaye naye alikuwa mpishi. Sahani zilikuwa nyingi na ndogondogo, zikafuatana kwa muda wa saa tatu, na sitakuchosha kwa kuzitaja zote. Lakini bitiruti siwezi kuiacha. Ni chakula chake cha miaka mingi: bitiruti nzima, na ngozi yake, hufukiwa ndani ya kichuguu cha chumvi ya kijivu ya Guérande, chumvi ya bahari yenye punje kubwa, kisha huokwa mpaka chumvi ile igeuke gamba gumu kama udongo uliokauka. Ililetwa mezani ikiwa bado imezikwa. Mhudumu akalipasua gamba kwa mgongo wa kisu, mvuke ukatoka wenye harufu ya shamba lililonyeshewa mvua, akaimenya na kuikata, na nyama yake, niruhusu niiite hivyo, ilikuwa nyekundu iliyokolea, laini, tamu, na chumvi imeingia kidogo tu mpaka ndani. Juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa matone ya siki nzito iliyokaa miaka. Nilikula polepole, machozi yakanilengalenga, kwa kuwa nilikuwa nikiona ile sahani yako ya karoti za kuchemsha.

Nadhani siri kubwa iko shambani. Passard ana bustani zake mwenyewe, ya kwanza huko Sarthe kwenye udongo wa kichanga, nyingine Eure kwenye udongo wa mfinyanzi, na ya tatu upande wa ghuba ya Mont-Saint-Michel, ili kila mboga ipate udongo unaoipenda. Wakulima wetu wa Lushoto wangemwelewa mara moja. Mboga ikivunwa asubuhi na kupikwa siku hiyohiyo haihitaji kukopa ladha kwenye mfupa wa mnyama. Bitiruti ile ilinithibitishia jambo hilo kuliko maelezo yoyote.

Sitakuficha bei. Mlo wa mchana ulikuwa yuro 260 kwa mtu mmoja, fedha nyingi mno, na mimi niliziweka kidogokidogo tangu Januari. Zako nimekwisha kuanza kuziweka pia, na naomba tusibishane juu ya hilo. Pale hakuna aliyenihurumia kwa kutokula nyama, wala hakuna aliyenikusanyia masalia ya sahani za wengine. Nilikaribishwa kama mgeni aliyengojwa, na nataka nawe ukaribishwe hivyo katika mji huuhuu uliokunywesha mchuzi wa mifupa.

Kwa hiyo nijulishe tarehe ya safari yako ya Machi mara tu ukipata viza, kwa sababu nafasi huwekwa wiki nyingi kabla. Nieleze pia kama siku hizi unakula asali, nami nitawaambia.

Nilipoondoka nilimwomba mhudumu kipande cha lile gamba la chumvi, naye akanifungia katika karatasi. Nimekitia ndani ya bahasha hii. Upande mmoja ni wa kijivu, na upande uliogusana na bitiruti umebaki na rangi ya waridi. Kionje, halafu uniandikie.

Nisalimie mama sana.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Zuhura