Barua kwa mchoraji wangu, kuhusu kikongwe wa ukurasa wa 14

Lubumbashi, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpenzi,

Kurasa zako 22 za katuni yetu zilifika salama siku ya Alhamisi, dereva wa basi la Likasi akiwa amezificha chini ya kiti chake ndani ya mfuko wa unga, nami nilizisoma usiku uleule kwa mshumaa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Nimekaa siku tatu bila kukujibu, maana sikutaka hasira ya usiku ule ndiyo iandike barua hii.

Kwanza nikusifu panapostahili sifa. Ukurasa wa 3, pale Mama Ngoie, mpelelezi wetu, anapochutama mbele ya mbabula, lile jiko la makaa, na kuuweka ule msalaba wa shaba juu ya makaa, nimeurudia mara nyingi. Umeelewa kabisa nilichokuwa nataka: kitabu kizima ni wino mweusi, ila ndimi za moto ni za kijani, kwa kuwa shaba ikikolea moto ndivyo inavyofanya, na wala hatukuhitaji kubuni muujiza. Hata mikono yake ni ya mtu aliyeshika makaa maisha yake yote. Kucha zimekatika na kidole gumba kina kovu. Tukipata fedha za kuchapisha rangi moja tu, basi na iwe hiyo kijani.

Shida inaanzia ukurasa wa 11. Watoto watatu wamepotea mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi, Mama Ngoie anauuliza msalaba, msalaba unamwonyesha mlango, na katika ukurasa wa 14 mlango unafunguliwa na kikongwe mjane, mwenye macho ya bundi na meno mawili, nyuma yake chungu kinachemka. Umemchora vizuri mno, na hapo hasa ndipo ninapoogopa.

Najua unakompata. Unampenda yule mganga wa Kiingereza wa kwenye katuni, John Constantine, mwenye koti refu na sigara isiyozimika, ambaye tangu mwaka 1985 amekuwa akichunguza maovu ya mashetani na ya watu, na kitabu chake chenyewe, kilichoanza mwaka 1988, kikafika toleo la 300. Nami nampenda. Lakini tazama vizuri jinsi anavyofanya kazi: uchawi anautumia kwa ubahili, mara nyingi anashinda kwa hila na ulimi, na bei ya ushindi wake hulipwa na rafiki zake. Tena, mwandishi wa kule akimchora kikongwe wa London kuwa mchawi, hakuna kikongwe wa London atakayeamkia mawe mlangoni pake. Kwetu sisi hali siyo hiyo, nawe unaijua kama ninavyoijua mimi.

Kumbuka jinsi picha zinavyosomwa katika nchi hii. Mwaka 1990 mchora katuni Papa Mfumu'eto alipochapisha kule Kinshasa kijitabu chake cha mtu aliyegeuka joka na kummeza mwanamke, wengi walikipokea kama habari ya mtaani wala si kama ngano. Hiyo ni sifa kubwa kwa mchoraji, nami naitamani kwa ajili yetu, ila sifa hiyo ina uzito wake. Msomaji wetu wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akimwona kikongwe wako hatasema kwamba mchoraji ana ubunifu. Atamfikiria mama wa nyumba ya tatu, yule mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Na mtoto anayelala nje ya kituo cha basi, anayeitwa shege na kila mpita njia, mara nyingi alifukuzwa nyumbani kwa neno hilohilo moja: mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, lakini maneno ya jirani huenda mbio kuliko karatasi ya sheria.

Wala sisemi tuondoe giza, kwani katuni yetu bila giza itakuwa uji bila moto. Nkambo wangu, mzazi wa mzazi wangu, alipokuwa akitutisha tukiwa wadogo, alitutisha kwa batumbula, wale waliosemekana kuwakamata watu usiku wakati wa Wabelgiji, wakawanenepesha kama nguruwe kisha wakawauza ili waliwe. Tulikuwa tunajificha chini ya meza. Lakini angalia hofu ya nkambo ilielekezwa wapi: kwa wenye magari, wenye funguo na wenye mishahara ya kulipa wakamataji. Hakuwahi kutuambia tumwogope mjane.

Kwa hiyo naomba kurasa 11 hadi 14 tuzitunge upya, na nakupa wazo langu. Tulikubaliana kwamba Mama Ngoie ni mjukuu wa wayeyusha shaba, na kwamba wazee wale hawakuwasha tanuru bila kushika mwiko. Basi mwiko wake uwe chumvi: siku anayotaka kuuliza msalaba, chumvi isiguse ulimi wake tangu alfajiri. Sasa mpeleke kwenye kilio cha mmoja wa wale watoto, aliyeokotwa mtoni. Wanawake wameketi chini, bukari (ugali) na sombe (kisamvu) vinapita, sahani inafika mbele yake. Akikataa, macho yote yatamgeukia, kwa kuwa kila mtu pale anajua ni nani asiyekula kwenye kilio. Mpe ukurasa mzima, visanduku sita vidogo, bila neno hata moja: sahani, macho, mkono, macho, tonge, na cha mwisho koo linalomeza. Usiku ule msalaba unawekwa juu ya makaa na moto unabaki mwekundu kama moto wa mtu yeyote.

Kuanzia hapo anachunguza kwa miguu na masikio. Anagundua kwamba kijana mmoja ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina la mjane, tena kabla mtoto wa pili hajapotea. Kwamba kijana huyo ni mpwa wa marehemu mume wa mjane. Na kwamba parseli ya mjane, yaani kiwanja chake, yenye nyumba ya vyumba vinne na mwembe, ina hati yenye jina la mumewe tu. Mwuaji wetu awe mtu mwenye deni na kalamu mfukoni. Mchore mwenye adabu, ndiye anayegawa viti pale kilioni, na uso wake uonekane pembeni ya kila kisanduku bila msomaji kuutilia maanani.

Kesi kubwa ya kitabu chetu, ile ya kichwa cha mfalme Msiri, inakwenda njia hiyohiyo. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, hapa Katanga, kapteni Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga risasi mfalme Msiri, na Bodson naye akapigwa risasi na mtu wa Msiri akafa. Kisha msafara huo, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, ukakikata kichwa cha mfalme na kukitundika juu ya mti. Watu wanasimulia kwamba kichwa kilichukuliwa ndani ya debe, na kwamba waliokibeba walikufa mmoja baada ya mwingine. Mimi naitaka hadithi hiyo ya debe, tena kwa wingi, maana ndiyo uti wa mgongo wa kitabu. Ila tusiwaongezee wauaji pepo wa kuwasukuma, kwa kuwa bunduki walikuwa nazo na amri walikuwa wamepewa.

Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria mwezi wa Juni 1892, huko Chinde, Msumbiji, karibu kabisa na bahari, akiwa njiani kurudi. Katika ukurasa wa 22 umemchora akikabwa shingoni na kivuli chenye taji. Kifute. Acha kitanda, chandarua kilichochanika na debe lililofungwa kwa kamba, halafu mchore mbu mmoja ametua juu ya kifuniko, mkubwa kiasi cha kuonekana, wala usiweke maneno.

Dereva yuleyule anarudi Likasi Jumanne, kwa hiyo kurasa zako atakuletea yeye, pamoja na chupa mbili za wino nilizozipata mjini. Msalimie mama watoto, na mwambie ile nguo ya kitenge nimeshamlipa fundi.

Ni mimi, ndugu yako.