Usiwaambie ni nani aliyelikosa

Stockholm, Jumapili jioni

Mwalimu wangu,

Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Huku Desemba jua linazama saa tisa kasoro alasiri. Nimechoka na giza.

Siku ile kwenye simu uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikasema "ioni", ukacheka. Ngoja nijaribu tena. Ioni ya strontiamu, yaani atomu iliyopoteza elektroni moja, inanaswa katika mtego wa Paul, yule Mjerumani wa Nobel ya 1989. Uga wa umeme uliotulia hauwezi kuishika peke yake, kwa hiyo unageuzwa mamilioni ya mara kwa sekunde. Ioni ikielekea mlangoni, mlango umeshafungwa. Kisha leza zinaipandisha elektroni ya nje hadi, tuseme, ngazi ya nishati ya 46. Hapo ioni inafura. Si nukta tena, na uga uleule unaoishika unaanza kuivuta huku na huku.

Mimi leza siziwashi. Nakokotoa tu. Usidharau: wanafizikia Müller, Liang, Lesanovsky na Zoller waliyaandika haya kinadharia mwaka 2008, na maabara ya Mainz, Ujerumani, ikazifikisha ioni za kalsiamu kwenye ngazi hizo za juu mwaka 2015. Mwaka 2020 watu wa hapa Stockholm wakaunganisha ioni mbili kikwanta, yaani hali ya moja ikafungamana na ya mwenzake, kwa nanosekunde 700.

Sasa aibu yangu. Wiki tatu nzima ioni yangu ilikuwa ikichomoka mtegoni, kwenye kompyuta. Nikailaumu programu, nikaiandika upya. Kumbe nilikuwa nimempa elektroni wangu kiini chenye chaji moja, kama cha hidrojeni! Ioni nzima ina chaji moja, lakini elektroni ya nje inavutwa na chaji mbili. Umbali wake unapungua nusu tu, ila wepesi wa ioni kuvutwa na uga unagawanywa kwa mbili kipeo cha nne. Nilikosea mara 16.

Sasa imetulia, nami nachanganya hali mbili za elektroni, ziitwazo S na P, kwa mawimbi maikro: moja inauitikia uga kinyume cha mwenzake, hivyo ukipata kipimo sahihi zinafutana.

Wape kidato cha sita swali: chaji mbili, ngazi ya 46, elektroni iko umbali gani kutoka kwenye kiini? Jibu ni kama nanomita 56. Usiwaambie ni nani aliyelikosa.

Wako wa dawati la nyuma