Mtoto akisema "bodesha" msimchape

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana jambo hili limenikaa rohoni. Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, kachapwa shuleni (shule siitaji) kwa sababu kwenye insha kaandika "baba alinibodesha mpaka Raskazone", yaani baba alimpakia kwenye bodaboda mpaka huko. Mwalimu kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika "Kiswahili gani hiki?" alafu fimbo juu yake.

Ni Kiswahili hikihiki anachofundisha yeye! Angalieni wenyewe: bora inazaa boresha, soma inazaa somesha, cheka chekesha, yaani ikitangulia e au o mwisho unakuwa -esha, ikitangulia a, i au u unakuwa -isha, ndo maana taifa ikatoa taifisha na fupi ikatoa fupisha. Sasa boda ina o, na mtoto kasema bodesha, hakusema bodisha. Nani kamfundisha? Hakuna, kaitoa kichwani hapohapo anaandika na kanuni haikumponyoka. Mie ningekuwa mwalimu wake ningemuita mbele awaeleze wenzie kaipataje.

Na watu wazima mbona tunatunga hivohivo kila siku. Taifa tumelipata kwa Waarabu, -isha ni yetu, Azimio la Arusha lilipotoka mwaka 1967 na mabenki yakachukuliwa na serikali kila mtu akawa anasema taifisha, na ilipofika zamu ya kuyauza mashirika tukasema binafsisha, hakuna aliyechapwa. Chakachua nayo tuliisikia kwenye mafuta ya magari yaliyotiwa mafuta ya taa, mara ikahamia kwenye kura, ikazaa uchakachuaji na waheshimiwa wakaisema bungeni.

Nenda Ngamiani hapa mjini Tanga jioni ukae barazani kwa muuza kahawa usikilize. Juzi kijana mmoja analalamika simu yake "haichajiki", mzee pembeni yake anasema kahawa hii bila kashata hainyweki, na wote wawili wametumia mwisho uleule mmoja wa -ika/-eka, ila mzee ndo akaanza kumsema kijana kwamba anaharibu lugha! Vijana hawahawa ndo wanasema "tutawasapiana", na kuna binti mmoja pale kachukua ile -lojia ya baiolojia na saikolojia kaibandika kwenye umbea, anasema shangazi yake kasomea umbealojia. Hilo nimelipenda sana, na kila aliyelisikia kalielewa bila kuelezwa.

Sisemi mtu aandike bodesha kwenye barua ya kuomba kazi, wala sisemi mwalimu asisahihishe. Amwambie mtoto hili ni la mtaani, kwenye mtihani andika alinipakia kwenye bodaboda, basi yameisha. Lakini kumchapa, tena hapa Tanga, karibu na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, eti kwa kosa la kutunga neno, mie inaniuma kwelikweli, maana mtoto yule sasa anaandika sentensi fupifupi anaogopa kila kitu.

Ombi langu Mhariri, fungueni kona ndogo gazetini watoto walete maneno yao, na mtaalamu wa lugha awajibu lipi limefuata kanuni, lipi limekwenda kombo na kwa nini. La kwanza nalileta mimi, ni hilo bodesha.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga