Kabla hujanunua SSD

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza kama laptop inayochukua dakika tatu kuwaka ni ya kutupwa. Usiitupe. Kinachoilemea ni hadi diski (hard disk), chombo chake cha kuhifadhia data: mle ndani sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinahangaika huku na huku kutafuta data. Kila mruko unakula milisekunde 10 hivi au zaidi, na Windows ikiwaka huomba maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Piga hesabu mwenyewe. SSD, ambayo huhifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka, kwa hiyo jibu hutoka chini ya milisekunde moja.

Ndiyo maana namba za kwenye boksi zisikubabaishe. SSD ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, hufika megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na ya NVMe, njia mpya inayopitia PCIe, ikiwa nzuri na ya kizazi cha PCIe 4.0, hufika 7,000. Kwa kuwasha mashine, kufungua kivinjari na kuandika, ni shida kuzitofautisha kwa macho. Pesa utakayookoa ongezea ukubwa.

Fungua kwanza mfuniko. M.2 ni umbo tu la kijiti, si kasi yake: kuna M.2 ya SATA na ya NVMe, na sloti ya SATA pekee haitaitambua NVMe hata ukiichomeka sawasawa. Soma mwongozo wa bodi (ubao mkuu wa laptop). Angalia na urefu. 2280 maana yake upana milimita 22, urefu 80. Laptop nyingi za zamani zina nafasi ya inchi 2.5 tu, basi hapo hakuna cha kuchagua, ni SATA.

Jihadhari na SSD za QLC (zinazobana biti nne kwenye kila seli ya chipu) za bei ya chini. Ukinakili faili kubwa huanza kwa mbio, kisha hulegea ghafla, pengine chini ya hadi diski, kwa sababu ile sehemu ya haraka inayopokea data imejaa. Kadiri SSD inavyojaa, sehemu hiyo hupungua, kwa hiyo acha kama asilimia 15 wazi.

Kuhama ni rahisi: waya wa SATA kwenda USB, programu ya kuklona (kunakili diski nzima jinsi ilivyo), halafu badilisha. Usifute ya zamani mpaka mpya iwashe mashine yenyewe. Ikigoma, angalia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kama imewekwa kuwakia kwenye SSD mpya.

Hofu ya kuchakaa wameikuza. SSD ya terabaiti 1 yenye TBW 600 (kiwango cha kuandikiwa terabaiti 600), ukiiandikia gigabaiti 50 kila siku, itakwenda siku 12,000, yaani zaidi ya miaka 32. Tatizo ni kwamba chipu yake ya kudhibiti inaweza kufa ghafla, bila ule mlio wa "tik tik" ambao mara nyingi hadi diski hukutahadharisha nao. Isitoshe, TRIM (amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya vilivyofutwa) ikishapita, faili ulilofuta ndiyo basi tena. Kwa hiyo ile diski ya zamani iwe ya kuwekea nakala.

Nitumie picha ya bodi ukishafungua, kabla hujatoa hela.

Wako,
Juma