Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2019

Ndugu wanachama,

Mweka hazina atasoma hesabu yake baada yangu, na wengi wenu mmeshaiona ile karatasi. Kwa hiyo naanza na swali ambalo nimeulizwa tangu Septemba, msikitini, kanisani, hadi kwenye foleni ya duka la nyama Tukwila, hapa jirani na Seattle: fungu la safari ya Portland limekwenda wapi? Limekwenda uwanjani. Na aliyelipeleka huko ni mimi.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana wapo walioingia chamani katikati ya mwaka na hawakuyaona ya mwanzo. Wengi wetu tumekulia kwenye soka. Besiboli tumefundishwa ukubwani, tena na watoto wetu wenyewe, na ndiyo maana safari ya pamoja ya kwenda kuwatazama Mariners, timu ya besiboli ya Seattle, ipo kwenye ratiba yetu kila mwaka, kama ilivyo iftari na sherehe ya Desemba. Tunaipenda timu hii tukijua fika kwamba hadi 2019 ilikuwa haijaingia hatua ya mtoano tangu 2001, mwaka iliposhinda mechi 116. Miaka kumi na minane. Katika ligi nne kubwa za michezo Marekani hakukuwa wakati huo na timu nyingine iliyokuwa imekaa na njaa muda mrefu hivyo.

Msimu ulifunguliwa Tokyo tarehe 20 Machi, dhidi ya Oakland. Kwa saa za huku mechi ilianza saa nane na dakika thelathini na tano usiku. Tulikusanyika nyumbani kwa mjumbe mmoja wa Kent, chai ya maziwa jikoni, mandazi mezani, watoto wamelala chini kama magunia. Ndugu yake akapiga simu kutoka Dar, ambako ilikuwa adhuhuri, akauliza nani amefariki, maana hakuelewa kwa nini watu wazima wako macho saa ile. Tulishinda 9 kwa 7. Usiku uliofuata tukashinda tena, 5 kwa 4, baada ya vipindi kumi na viwili badala ya tisa vya kawaida, lakini matokeo ya usiku ule sidhani kama kuna anayeyakumbuka. Tunachokumbuka ni Ichiro Suzuki, gwiji wetu wa Kijapani mwenye umri wa miaka 45, akiingia uwanjani kipindi cha nane kisha kuitwa nje taratibu ili Tokyo nzima imuage. Yusei Kikuchi, mrushaji kijana wa Kijapani aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza katika ligi kuu ya Marekani, alimkumbatia akalia. Na sebuleni Kent hakukuwa na jicho kavu, ingawa nusu yetu tulisingizia usingizi.

Tukarudi nyumbani, wakaja mabingwa watetezi, Boston. Tukawafunga 12 kwa 4 siku ya kwanza, tukachukua mechi tatu kati ya nne. Tulipofika tarehe 11 Aprili tulikuwa na ushindi 13 na tumepoteza 2. Klabu hii haijawahi kuanza msimu vizuri namna hiyo. Kila mechi kulikuwa na homurani, ule mpira unaopigwa ukavuka ukuta, na mfululizo huo ulikwenda mechi 20 za mwanzo bila kukatika, rekodi ya ligi nzima. Kule Kansas City, Edwin Encarnación alipiga mbili ndani ya kipindi kimoja. Mwanangu alikuwa ananiamsha alfajiri kunisomea msimamo wa ligi kama mtu anayesoma barua ya posa.

Basi Ijumaa tarehe 12 Aprili, kamati yenu ikakaa. Nilikuja na hoja moja: tununue sasa hivi, kwa fungu la safari, tiketi za mechi nne za mwisho za msimu, 26 hadi 29 Septemba, nyumbani, dhidi ya Oakland haohao. Hoja yangu ilikuwa kwamba bingwa wa kanda angeamuliwa siku hizo, na tukisubiri tutakuta bei imepanda hadi mawinguni. Katibu alisema tungoje hata mwezi mmoja. Mama mmoja, mjumbe wa siku nyingi ambaye heshima yangu kwake mnaijua, alisema maneno mafupi: "Mwenyekiti, hii timu imeuza watu." Nikamjibu kwamba waliobaki wanapiga homurani. Kura zikapigwa, nikashinda. Jioni ileile Houston wakatufunga.

Hawakutufunga siku hiyo tu. Walitufunga mechi zote tatu, wakaja Cleveland nao wakachukua tatu zao. Ile ya mwisho tulilala 1 kwa 0 na mfululizo wa homurani ukafa hapohapo. Kutoka ushindi 13 na kupoteza 2 tukawa na ushindi 13 na kupoteza 8 ndani ya siku sita, na tiketi zimeshalipiwa.

Sasa yule mama alikuwa anasema nini? Msimu wa 2018 tulimaliza na ushindi 89 na bado hatukufika mtoano, na uongozi wa klabu chini ya Jerry Dipoto ukaamua kuvunja kikosi ili kujenga upya. James Paxton akaenda Yankees. Robinson Canó na Edwin Díaz wakaenda Mets, na huyo Díaz ndiye mrushaji aliyeingia mwishoni akatulindia ushindi mara 57 msimu huo wa 2018. Jean Segura akaenda Philadelphia, Nelson Cruz akamaliza mkataba akaondoka zake. Tulipewa vijana wa kesho. Klabu haikuficha hata siku moja kwamba 2019 si mwaka wetu. Walisema wazi, na mimi nilisikia, kisha Aprili ikanisahaulisha.

Kitu ambacho homurani zilikuwa zinakificha ni udakaji. Mpira ukivuka ukuta haumhitaji mtu wa kuudaka, na ukiwa na mikimbio kumi, ndizo pointi za besiboli, makosa matatu ya uwanjani yanasameheka. Homurani zilipopungua makosa yalibaki palepale. Mipira ya chini ilikuwa inapita katikati ya miguu ya wachezaji wetu kama kuku wanaokimbia mvua. Warushaji wa akiba nao, wale wa kuingia mwishoni kulinda ushindi, walikuwa wanabadilishwa kila wiki. Hadi msimu unaisha timu ilikuwa imechezesha watu 67, na hadi wakati huo hakuna timu katika historia ya ligi iliyokuwa imetumia wengi kiasi hicho. Nilikuwa nanunua programu ya mechi ili nijue majina ya watu wetu wenyewe.

Juni wakauzwa na waliokuwa wanatubeba. Jay Bruce akaenda Philadelphia, na Encarnación akaenda Yankees akiwa na homurani 21, hakuna aliyemzidi siku hiyo kwenye American League, ile nusu ya ligi kuu tunayocheza sisi. Julai na Agosti nitazipita haraka. Tarehe 12 Julai, Angels walitufunga 13 kwa 0 bila sisi kupiga hata mpira mmoja wa salama, yaani wa kumfikisha mpigaji kituoni, usiku ambao wote walivaa namba 45 ya marehemu mwenzao Tyler Skaggs. Ile naomba tusiihesabu kama fedheha, maana kuna siku mpinzani anacheza na kitu kikubwa kuliko wewe. Lakini tarehe 3 Agosti Houston nao wakatufanyia vilevile, 9 kwa 0, na hiyo ilikuwa fedheha.

Furaha ilikuwepo kidogo kidogo. Edgar Martínez, mpigaji wetu wa zamani, aliingizwa kwenye ukumbi wa magwiji kule Cooperstown mwezi Julai, baada ya kusubiri mpaka mwaka wake wa mwisho wa kupigiwa kura. Na kwenye safari yetu ya kiangazi, mjumbe wetu wa Bukoba alionja wale panzi wa kukaanga wa Oaxaca wanaouzwa pale uwanjani kwa pilipili na ndimu. Walipoanza kuuzwa 2017 waliwekewa kikomo cha oda 312 kwa kila mechi, kwa heshima ya wastani wa upigaji wa Edgar, ambao ni .312. Wazungu wa safu ya mbele walikuwa wanapigana picha na panzi mmoja mmoja kwenye kidole. Mjumbe wetu alimaliza kikombe kizima kimyakimya, akafuta mikono, akasema hawa ni wadogo zake senene, na wamekosa kitunguu.

Septemba ikafika. Tulikuwa mkiani mwa kanda. Tulimaliza na ushindi 68 na kupoteza 94, mechi 39 nyuma ya Houston. Tiketi zetu hata bure hazikuwa na wa kuzipokea. Ijumaa Oakland walijihakikishia mtoano wakiwa mjini kwetu, na sisi tulikuwa watano tu, mimi na familia yangu, kwenye safu nzima niliyoilipia kwa fedha zenu.

Alhamisi yake, tarehe 26, ilikuwa habari nyingine. Siku mbili kabla, watu walianza kunipigia kuulizia nafasi. Félix Hernández, aliyerusha kwetu tangu 2005, aliyerusha mechi kamilifu Agosti 2012, ile ambayo hakuna mpinzani hata mmoja anayefika kituoni, anarusha mara ya mwisho akiwa na jezi yetu. Safu zetu zilijaa. Tulipanda treni pale Tukwila tukiwa na fulana za njano za mashabiki wake, na kufika kituo cha Stadium behewa zima lilikuwa la njano. Hakuwa Félix wa zamani, mkono umechoka, na tulifungwa 3 kwa 1. Alipotolewa kipindi cha sita uwanja mzima ulisimama. Yule mama aliyenipinga Aprili alikaa kiti cha pembeni yangu, kadi yenye herufi K mkononi, ile ya kuhesabia wapigaji waliotolewa kwa mapigo matatu. Hakunikumbusha neno. Alinipa leso tu.

Sitaki mtu aseme usiku ule ulilipa deni. Mechi tatu nyingine zimetupotezea fedha ambazo zingetupeleka Portland kama tulivyoahidiana, na watoto bado wananiuliza habari ya Portland. Napendekeza mambo mawili, mkutano uamue. Kwanza, tiketi za pamoja zisinunuliwe mapema zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mechi, hata timu ikianza na ushindi ishirini. Pili, gharama ya mechi ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nitairudisha kwenye fungu mimi mwenyewe, kidogo kidogo, hadi Juni. Kamati imejaribu kunizuia kwenye hili la pili, nami nimekataa.

Mwaka huu tumepoteza wanachama wawili waliohamia Ohio, na tumepata familia tatu, mbili za Goma na moja ya Mombasa. Ukumbi wa mkutano umebadilika, katibu atawatumia anwani. Fulana nane za njano zimebaki kwenye sanduku nyumbani kwangu tangu usiku ule. Mbili ni za watoto. Wenyewe waje wazichukue, zimeshafuliwa.

Mwenyekiti wenu